Ukumbi wa harusi umenifanya nijione ajuza

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi. Nina miaka 58, afya yangu ni njema, kazi zangu nazifanya mwenyewe, na hadi majuzi sikuwahi kujiita mzee. Harusi moja imenivuruga mawazo, ndiyo maana nakuandikia.

Alikuwa anaoa mtoto wa jirani yetu wa zamani. Jioni tulifika ukumbini, tukakaribishwa meza ya pembeni. Nyuma ya kiti changu palisimamishwa spika inayonizidi urefu. Wageni hawakuwa wamefika hata nusu, lakini muziki ulishafunguliwa mpaka mwisho, na kila ngoma ilipogonga niliisikia kifuani. Vijana walipita kunisalimia. Niliona midomo ikicheza, nikaitikia "marahaba" kwa kubahatisha, nao wakaenda zao. Mezani petu walikuwepo wasichana wawili. Walikuwa wakiandika kwenye simu na kuonyeshana, wanacheka. Nikawatazama kama mtu aliyeachwa nje ya dirisha.

Kisha akaja dada mmoja tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Akanikumbatia, akavuta kiti, akainama sikioni kwangu akaanza kusema. Nilidaka neno mojamoja: "mume wangu", "nyumbani", "Mungu". Nilikuwa nimeshamwomba arudie, nikaona haya kumwomba tena. Nikatabasamu, nikamwambia, "Hongera sana, nimefurahi mno!" Alinitazama kidogo, akanibana mkono, akainuka. Tulipokuwa garini tunarudi, binti yangu ndiye aliyeniambia yule dada alikuwa akinieleza nini: mumewe amepigwa na kiharusi, yuko nyumbani, hawezi kuinuka mwenyewe.

Tangu siku hiyo sina raha.

Halafu mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Sasa wazee wetu tunawaruhusu mkapumzike, ukumbi ni wa vijana." Mume wangu akasimama papo hapo. Nami nikasimama, ingawa napenda sana kucheza na nilikuwa nimevaa viatu vya kuchezea. Nilitoka pale nikiwa nimechoka mwili na akili, kichwa kinavuma hadi asubuhi.

Sasa kijana wangu mwenyewe anaoa miezi michache ijayo, na wameshakubaliana na mpiga muziki yuleyule. Nilipogusia kwamba sauti ipunguzwe, alinijibu kwa upole, "Mama, bila muziki mkubwa watu watasema ulikuwa mkutano." Binti yangu anashauri nikae mpaka hotuba ziishe, kisha nirudishwe nyumbani nikapumzike. Mume wangu anasema mimi husikia ninachotaka kusikia, na kusema kweli nyumbani nasikia vizuri tu, ndiyo maana sielewi.

Je, ndio uzee umefika? Niondoke mapema niwaachie vijana sherehe yao, au nina haki ya kusema neno?

Mama wa Bwana Harusi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, Mama wa Bwana Harusi,

Kabla ya masikio, spika na harusi ya kijana wako, nenda kwa rafiki yako. Nenda wiki hii. Usimtumie ujumbe wala usisubiri mkutane tena kwenye shughuli ya watu. Nenda nyumbani kwake, kaa naye, mwambie wazi: "Siku ile sikusikia hata nusu ya ulichosema, ndiyo maana nilikujibu vile. Nieleze tena." Kubana mkono wako huenda kulikuwa dalili kwamba alielewa, na huenda pia aliondoka ameumia. Hutajua mpaka umuulize. Nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kuinuka ina kazi nyingi mno za kugeuza, kuosha na kulisha. Ukifika, kaa na mgonjwa kwa muda ili yule dada atoke kidogo au alale. Hilo litamfaa kuliko maelezo marefu ya kilichotokea ukumbini.

Sasa nije kwenye swali lako. Umri una mkono wake katika jambo hili, siwezi kukuficha, lakini mambo mawili yamechanganyika hapa. Lipo la masikio yako, na lipo la ukumbi ule, na naona umeyabeba yote mawili ukayaita uzee.

Nianze na masikio, maana ndipo mumeo anapokuonea. Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe zenye vinyweleo, elfu 15 hivi kila upande, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti nyingine. Miaka inaposonga, zinazotangulia kudhoofika kwa kawaida ni zile zinazopokea sauti nyembamba, za juu. Katika maneno tunayosema, irabu zina nguvu na ziko chini, ilhali konsonanti nyingi kama s, f, sh, ch, t na k ni hafifu na ziko juu. Chukua maneno haya: anafika, anapika, anashika, anazika. Sikio lililopoteza sauti za juu hupata a-a-i-a ile ile kwa yote manne. Sebuleni hilo halikusumbui, kwa sababu kuna utulivu, unamwona mumeo usoni, unajua mnazungumzia nini, na ubongo wako unajaza pengo bila wewe kujua. Ukumbini, ile sauti kidogo ya konsonanti iliyokuwa ikikufikia inafunikwa na ngoma na zogo la wageni. Hakuna tena cha kujazia. Ndiyo maana ulidaka "mume wangu" na "nyumbani", maneno uliyoyazoea, na habari yenyewe ikapotea. Hukuchagua cha kusikia.

Kuna na kazi ya ubongo. Kutenga sauti ya mtu mmoja katikati ya sauti za wengi ni kazi kubwa. Mtafiti Mwingereza, Colin Cherry, aliandika mwaka 1953 kuhusu majaribio aliyofanya kwa kuwasikilizisha watu jumbe mbili tofauti za maneno kwa wakati mmoja ili aone wanavyofuata mmoja na kuacha mwingine. Uwezo huo nao hupungua kadiri umri unavyosogea, hata kwa mtu ambaye akipimwa masikio kwenye chumba cha ukimya anaonekana hana shida kubwa. Mtu wa miaka 58 akikaa saa tatu akitafuta maneno ndani ya kelele, anatoka amechoka kweli. Uchovu ule ulikuwa wa kazi uliyoifanya tangu ulipoketi, bila mtu mezani kujua unaifanya.

Tukija kwenye ukumbi wenyewe, rudi kwa wale wasichana wawili. Wewe uliona wanafurahia ulimwengu ambao wewe umefungiwa nje. Mimi niliposoma barua yako niliona watu waliokaa meza moja, bega kwa bega, wakiandikiana kwenye simu kwa sababu hawasikiani! Umri wao ni mdogo, masikio yao mazima, na bado walishindwa kuongea. Wale vijana waliokusalimia na kupita nao hawakukudharau. Wangebaki wafanye nini, ilhali hata wao hawakusikia ulivyowajibu? Tofauti ni kwamba wao waliacha kuongea bila kujilaumu, na wewe ulirudi nyumbani ukajiita ajuza.

Kelele ya ukumbi pia hujipandisha yenyewe. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu aliye kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Meza moja ikipandisha, ya jirani inapandisha, mpiga muziki naye anaona watu wanamzidi, anasogeza kitufe juu. Ukianza sherehe na muziki umefunguliwa mpaka mwisho kabla wageni hawajajaa, kama ilivyokuwa siku ile, hapo umeshaharibu jioni nzima ya watu waliokuja kuonana.

Kwa hiyo ndiyo, una haki ya kusema neno, tena huna haja ya kulisema kama mzee anayeomba kuhurumiwa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yako kwenye desibeli 60 hivi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidishe desibeli 85 kwa siku ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda ukatwe nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani wa sauti usipite desibeli 100, sauti ipimwe shughuli ikiendelea, wageni wapate vizibo vya masikio, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia. Vipimo hivyo havikuandikwa kwa ajili ya wazee peke yao. Mtoto wa miaka mitano anayecheza mbele ya spika hana masikio ya akiba, na kwa kawaida watoto ndio husogea karibu zaidi bila mtu kuwatazama.

Zungumza na kijana wako mkiwa wawili, mahali patulivu, mapema, kabla ratiba haijafungwa. Usimwambie "mimi nimezeeka, punguzeni". Mwambie kilichotokea kati yako na rafiki yako. Mwambie jinsi ulivyompongeza mtu aliyekuwa anakuomba faraja, kwa sababu ya spika. Naamini atakuelewa, maana jibu lake la kwanza lilikuwa la mtu anayehofia sherehe yake kupoa, na hofu hiyo ni halali. Humwombi azime muziki. Unamwomba aupange.

Mambo ya kuomba ni machache na yanawezekana. Muda wa wageni kufika na kusalimiana, muziki uwe wa chini, watu wakiweza kuongea bila kuinamiana. Hotuba na chakula vivyo hivyo. Baada ya hapo uwanja ufunguliwe, muziki upande, atakaye kucheza acheze. Spika zielekezwe kwenye uwanja wa kuchezea, zisielekezwe mezani, na pasiwe na meza hata moja iliyoegeshwa mbele ya spika au chini yake. Kama ukumbi una baraza au chumba cha pembeni, pawekwe viti na taa, ijulikane kwamba hapo ndipo pa kuongea. Utashangaa ni vijana wangapi watakimbilia huko. Zipo programu za simu za kupima desibeli. Hazina usahihi wa kipimo cha mtaalamu, lakini zinatosha kuonyesha kama mmefika 80 au mmepita 100.

Haya yote mpiga muziki aambiwe siku ya makubaliano, si usiku wa sherehe akiwa amezungukwa na watu wanaoshangilia. Achaguliwe mtu mmoja wa kumfuata sauti ikizidi, kijana anayemheshimu. Asiwe wewe. Mama wa bwana harusi akionekana anakwenda kwa mpiga muziki mara kwa mara, sherehe nzima itamtazama yeye, na hicho ndicho unachokiogopa.

Mshereheshaji naye aambiwe. Yale maneno ya kuwaruhusu wazee wakapumzike nayapinga kwa nguvu zangu zote. Najua huyasema kwa nia ya kuchangamsha, na pengine wapo wanaosubiri kwa hamu wapate sababu ya kuondoka. Lakini anawatoa ukumbini watu waliomlea bwana harusi, kwa kipaza sauti, mbele ya kadamnasi, na anayependa kucheza anabaki hana pa kuweka uso. Kwenye harusi ya mwanao maneno hayo yasitamkwe. Anayechoka ataaga mwenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa binti yako, ingawa naona umetoka kwenye upendo. Usiingie siku hiyo na saa ya kuondoka iliyopangwa na watu wengine. Ukichoka, toka nje, kaa dakika kumi mahali penye ukimya, masikio yapumzike, kisha amua. Ukiona imetosha, nenda nyumbani kwa amani. Lakini unapenda kucheza, umesema mwenyewe, na kucheza hakuhitaji konsonanti! Ngoma unaisikia vizuri, maana iko chini, kule ambako masikio ya umri wako bado yana nguvu. Nunua vizibo. Vile vya sponji vya kawaida hukata zaidi sauti za juu, kwa hiyo vitakuongezea ugumu wa kuelewa maneno. Vipo vinavyotumiwa na wanamuziki ambavyo hupunguza sauti zote kwa kiasi kinacholingana. Hivyo ndivyo vitakufaa, na vivae nyumbani siku kadhaa kabla ili uvizoee.

Kuhusu kuongea na watu kwenye kelele, chagua kiti ambacho mgongo wako uko ukutani, mbali na spika, na taa inaangukia nyuso za wanaokukabili, kwa sababu macho husaidia masikio kuliko tunavyodhani. Sikio moja likiwa na nafuu, lielekeze kwa jirani. Mtu akikwambia jambo usilolipata, usimuulize "eti?" akarudia sentensi nzima na ukaikosa tena. Mwambie ulichodaka: "Mumeo yuko nyumbani, amefanya nini?" Hapo atakurudishia kipande kilichopotea. Ikishindikana, mshike mkono mtoke nje. Nakuomba hili zaidi ya yote: usimtabasamie mtu kwa habari ambayo hukuisikia. Najua ni adabu tuliyolelewa nayo, kutomsumbua mwenzako. Lakini aliyekuja kukuinamia sikioni katikati ya ngoma ana jambo analotaka lifike, naye angependa kurudia mara kumi kuliko kujibiwa lisilokuwapo.

Usiache kwenda kwenye shughuli za watu. Nalisema hili kwa sababu naliona linanyemelea barua yako. Watu wengi wenye shida ya kusikia huanza kwa kukaa karibu na mlango, kisha kuondoka mapema, kisha kutuma mchango bila kwenda, na mwisho hawaalikwi. Kila hatua inaonekana ndogo na ya busara. Pinga hatua ya kwanza.

Lililobaki ni hospitali. Nenda ukapimwe masikio kabla ya harusi, ukiacha nafasi ya wiki kadhaa. Mtaalamu ataanza kwa kutazama ndani, kwani wakati mwingine shida ni nta iliyojaa, na hiyo huondolewa siku hiyohiyo. Usijichokonoe kwa pamba wala njiti. Unaisukuma ndani zaidi. Kisha utakaa kwenye chumba cha ukimya, utavalishwa spika za masikioni, na utaulizwa unasikia sauti gani, za juu na za chini. Hakuna maumivu. Mweleze wazi kwamba shida yako ni kwenye kelele, kwa sababu kipimo cha ukimya peke yake kinaweza kukukosa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua kweli maishani, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa pale. Ukiambiwa unahitaji kifaa cha kusikia, kikubali mapema na uanze kukivaa mapema. Usitegemee kuvaa siku ya harusi kwa mara ya kwanza, maana ubongo unahitaji wiki kadhaa kukizoea, na kwenye ukumbi wenye kelele hata kifaa kizuri hupata taabu.

Mvumo wa kichwani uliousema, uliotoweka asubuhi, ni dalili kwamba masikio yalizidiwa usiku ule. Ukikaa zaidi ya siku mbili, usiuzoee, nenda ukaonwe. Na ikitokea sikio moja limezima ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, hiyo ni dharura. Mwone daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Nenda na mumeo. Akae humo humo unapoonyeshwa mchoro wa kipimo chako, asikie mwenyewe sauti zipi zinakufikia na zipi hazikufikii, aelekezwe namna ya kuongea nawe akikutazama usoni, bila kupiga kelele kutoka chumba kingine. Naye apimwe siku hiyohiyo.

Mshauri